Kura ya Kumwondoa Kaimu

Niseme mapema nipumue: aliyemteua mjomba wangu kuwa kocha wa timu ya Bariadi ni mimi. Si kamati, si mwenyekiti wa klabu, si kampuni ya pamba. Ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hata kazi ya kufuta ubao nilinyang'anywa kwa utovu wa nidhamu. Nilimteua kwa spika ya gari, kwa sauti isiyokuwa yangu, huku andazi la wizi likiwa bado shavuni.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi walipoingia. Sisi tulizoea pamba inanunuliwa na ushirika peke yake, na ushirika ukilipa leo au mwakani ni shauri yake. Ghafla wakaja watu wa kila aina na mizani zao, kila kampuni na pikapu yake yenye spika juu, inazunguka mitaani tangu asubuhi kutangaza kwamba wao ndio wanaompenda mkulima kuliko wenzao. Ushirika ukakonda kama ng'ombe wa kiangazi. Ulipokonda ukaanza kupunguza watu, na katika waliopunguzwa alikuwamo mjomba, mdogo wake mama wa mwisho.

Kazi yake pale jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, ilikuwa kupaka namba kwenye marobota ya pamba. Basi. Brashi, rangi nyeusi, namba. Aliifanya tangu ana ndevu tatu, na alipoambiwa aiache aliirudisha brashi ikiwa imeoshwa.

Mkewe akarudi kwao Sapiwi na watoto wote wawili. Hawakugombana. Baba mkwe alikuja mwenyewe na mkokoteni wa ng'ombe, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za mvua, ndipo akasema: “Mkwe, sina neno na wewe. Binti yangu na wajukuu wangu watakula kwangu. Siku utakapopata kazi, sisemi kibarua, nasema kazi, uje uwachukue.” Akawapakia, akaswaga ng'ombe wake. Mjomba akahamia kwetu na sanduku la bati. Baba yangu alikuwa machimboni Geita, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama, na mama hasemi mengi, lakini mtu mzima anayekula ugali wa dada yake anasikia hata yasiyosemwa. Mchana mjomba alikuwa hakai nyumbani. Alikwenda uwanjani kupiga pampu mipira ya timu na kubeba ndoo ya maji. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemkataza.

Sasa kocha. Kocha wetu wa enzi za ushirika aliona upepo umegeuka, akaifuata kampuni moja huko Shinyanga, na hakwenda mikono mitupu: alikwenda na viatu vya timu. Mji mzima ukawa unauliza, jamani, Jumamosi tunakwenda kucheza Dutwa, nani anakwenda nao? Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameondoka bila kuaga, yuko Mwanza anang'oa jino.

Asubuhi moja pikapu ya kampuni mojawapo ikasimama mbele ya meza ya mama, pale stendi, anapouza chai, maandazi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Dereva akashuka kunywa chai. Maikrofoni akaiacha imening'inia dirishani kama soksi. Mimi nilikuwa nimetumwa sukari. Na mimi nina kipaji kimoja tu duniani: naweza kumwigiza mwenyekiti wetu, ambaye huongea kwa puani na kuvuta maneno kama anayateka kisimani. Ng'ambo ya barabara mjomba alikuwa amekaa kwenye tofali, mpira katikati ya magoti, anapampu. Nikaivuta maikrofoni, nikachutama nyuma ya mlango wa pikapu, nikasema ngoja nimwone atakavyoruka.

“Eeeh, ndugu wananchi,” nikaunguruma, na mji mzima ukaunguruma nami. “Kufuatia, eeeh, kuondoka kwa kocha wetu, kamati imekaa, imetafakari, eeeh, na imemteua ndugu yetu mpiga pampu kuwa Kaimu Kocha. Kuanzia sasa hivi.”

Neno “kaimu” nililiokota ofisini wilayani. Mwaka ule kila mlango pale ulikuwa na kaimu. Wenye milango ama walikuwa wamepunguzwa, ama wako safari. Nikaona linafaa, lina heshima kidogo na uongo kidogo.

Nilisubiri mjomba acheke, au anirushie mpira. Hakufanya hata kimoja. Aliiweka pampu chini taratibu. Akatafuta kifungo cha juu cha shati, akakifunga. Akasimama. Watu wa stendi walikuwa wameshaanza kumpigia makofi, na mama mmoja muuza dagaa, shabiki sugu, sauti kama king'ora, akashukuru kwa Kisukuma kutoka kwenye kibanda chake: “Wabeja, Kaimu! Wabeja!”

Hapo ndipo ningesema, jamani natania. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunikatalia kitu, ukanikatalia. Nilikuwa sijamwona mjomba amesimama wima namna ile tangu mkokoteni ule uondoke.

Na kamati je? Kamati ilikuwa na wajumbe saba, na kila mmoja alidhani wenzake sita wamekaa kikao bila kumwita. Nani akubali hadharani kwamba hakuitwa? Kila aliyeulizwa alijibu, “Ndiyo, tulilizungumza.” Hivi ndivyo serikali zinavyoundwa, nadhani.

Jumamosi tukapanda lori la pamba kwenda Dutwa, wachezaji mbele, wahuni nyuma. Mapumziko tulikuwa tumefungwa moja. Kwa kocha wa zamani mapumziko yalikuwa saa ya matusi: anachora mishale vumbini kwa kijiti, kila mshale na tusi lake. Wachezaji wakakaa chini kusubiri yao. Mjomba akasimama katikati, mikono nyuma. Mimi nilijisogeza karibu kabisa, nimeshapanga jinsi nitakavyomwigiza jioni kwa wenzangu.

“Jamani,” akasema, “mimi sijui.”

Golikipa, jitu moja la buchani lenye mikono kama mapaja, akauliza, “Hujui nini, Kaimu?”

“Mpira. Siujui. Naona tunafungwa, lakini kwa nini tunafungwa, sijui. Ninyi ndio mliokuwa mle ndani. Niambieni.”

Nilisahau kabisa kumwigiza, na usinicheke. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia mtu mzima mwenye cheo akisema sijui. Mwalimu wetu wa hesabu akikwama ubaoni husema, “Hilo mtamalizia nyumbani.” Mwenyekiti akiulizwa jambo hukohoa mpaka swali lizeeke. Mjomba alisema sijui kama mtu anavyosema nina kiu.

Wachezaji wakatazamana. Kisha beki wa kushoto, kijana ambaye watu walidhani ni bubu, akasema, “Kaimu, tatizo ni kwamba sita hampi tisa mpira.”

“Kwa nini hampi?”

Namba sita akatazama majani. “Alichukua baiskeli yangu.”

“Niliazima,” akadakia namba tisa.

“Uliazima kabla ya mavuno!”

“Sasa hivi iko wapi?” mjomba akauliza.

“Nyumbani kwangu.”

“Tukirudi utampa?”

“Nitampa.”

“Haya,” akasema mjomba, akaenda kubeba ndoo ya maji.

Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo yote ya kiufundi. Kipindi cha pili sita akampa tisa, tisa akafunga. Sita akampa tena, tisa akafunga tena, na wakakumbatiana kwa muda mrefu mpaka refa akapuliza filimbi ya kuwatenganisha. Njiani kurudi, lori zima lilikuwa linaimba. Mama muuza dagaa alikuwa amesimama kwenye bodi, kanga kiunoni, anaongoza: “Kaaa-imu!” Na watu wa vijijini, ambao Kiswahili kwao ni nguo ya kwenda mnadani tu, wakaitikia kwa namna yao: “Kaa humu! Kaa humu!” Mimi na wenzangu tukacheka mpaka machozi. Tukasema, wasikilizeni hawa washamba, hata kaimu hawawezi kutamka.

Mwenyekiti aliporudi na shavu lake limevimba, alikuta mji unampongeza kila hatua. Akasimama mezani kwa mama, akaagiza chai ya kupoza, akasema mbele ya watu, “Huyu kijana, eeeh, nilimwona siku nyingi.” Halafu akanigeukia mimi. “Eti wanasema siku ile nilitangaza vizuri?”

“Vizuri sana, mzee,” nikamjibu. “Ilisikika mpaka Somanda.”

Akanywa chai yake. Mpaka leo sijui alijua nini na hakujua nini.

Sitaki mdhani mjomba aligeuka fundi. Hakugeuka. Mechi ya pili alitaka kumwingiza mchezaji ambaye refa alikuwa ameshamtoa kwa kadi nyekundu. Wapinzani wakifunga bao zuri alikuwa anapiga makofi, mashabiki wetu wanataka kummeza. Kuotea alieleweshwa kwa vikombe vya chai kwenye meza ya mama, akatikisa kichwa akasema ni uonevu. Lakini kila mapumziko alisimama mikono nyuma akauliza, na kila mara kulikuwa na mtu mwenye jambo. Mmoja viatu vinambana. Mwingine anaogopa mipira ya juu tangu alipogongwa na ng'ombe. Mambo ambayo hayachorwi kwa mishale. Tukawa tunashinda.

Halafu tukaenda Lalago, tukafungwa nne bila. Nne! Golikipa alitembea kuelekea kwenye lori amejifunika jezi usoni. Mashabiki wetu walikuwa wameokota mabua ya mtama, na hawakuyaokota kwa kutafuna. Nikasema sasa ndiyo basi, “sijui” imekwisha utamu wake. Mjomba akapanda kwenye bampa la lori.

“Mnataka kujua kwa nini tumefungwa,” akasema. “Hata mimi nataka. Kesho jioni njooni uwanjani mtueleze. Wote.”

Na kweli wakaja! Nimewahi kuona mnada wa ng'ombe na nimewahi kuona ngoma za mavuno, lakini sijaona kitu kama ile jioni. Walikuja mafundi baiskeli, wapagazi wa jineri, wazee na viti vyao, akina mama na watoto mgongoni. Kila mtu alieleza. Wapo waliosema beki wa kati ananenepa. Wapo waliosema Lalago walifukia kitu golini. Bibi mmoja alisema wachezaji wanalala njaa na yeye ana michembe gunia zima, waje wachukue. Mjomba alizunguka akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza tumbo la mbuzi mwenye mimba. Mimi, ambaye nilikuja kutafuta vichekesho vya wiki nzima, niliondoka sina hata kimoja. Nilikuwa nimeduwaa tu. Timu ilikuwa imekuwa ya watu, na aliyefanya hivyo ni mtu niliyemteua kwa utani.

Msimu ulipokwisha tulikuwa tumepanda daraja, mwaka unaofuata tunacheza na timu za mkoa. Ndipo kampuni ile ya pikapu ikajitokeza. Meneja wao, kijana wa Dar es Salaam anayevaa tai hata kwenye vumbi la pamba, akasema kampuni itaichukua klabu: jezi, viatu, usafiri. Na kocha atalipwa mshahara, kila mwezi, kama mfanyakazi mwingine yeyote wa kampuni. “Lakini kocha,” akasema. “Kaimu hatuna fungu lake. Ama mumthibitishe huyu, ama tunamleta mtu mwenye cheti kutoka Mwanza. Wanachama waamue wenyewe.”

Mkutano ukaitishwa Jumapili mchana kwenye ghala la zamani la ushirika. Asubuhi mama alipiga pasi shati la mjomba mara mbili, na hakuna aliyesema kwa nini. Mjomba alilifuta sanduku lake la bati kwa kitambaa cha mafuta mpaka likang'aa. Kisha akaniuliza, kama anayeuliza habari za jua, “Hivi Jumatatu gari la kupita Sapiwi linaondoka saa ngapi?”

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza sikuongeza utani juu yake.

Ghala lilijaa. Watu walikaa juu ya marobota, na kwenye baadhi ya marobota hayo namba alizipaka mjomba mwenyewe. Mbele alikaa mwenyekiti, meneja na tai yake, na mjomba pembeni kwenye kiti cha kukunja.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee wa spea, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mtu wa Kigoma aliyeoa hapa hapa, kofia yake nyeupe haijawahi kuwa na doa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wetu. “Ndugu zangu, mimi nampenda huyu bwana,” alianza, na ukisikia mtu anaanza hivyo ujue anakuja kupinga. “Ametuunganisha, sikatai. Lakini tusidanganyane. ‘Sijui’ ni tamu ukicheza na Dutwa. Mwakani tutakutana na makocha wanaojua, na wao hawatatuuliza kwa nini tunafungwa, watatufunga tu. Mtu hupewa usukani baada ya kujifunza kuendesha. Mleteni mwenye cheti, huyu awe msaidizi wake, ajifunze.”

Na shida ni kwamba alikuwa na hoja. Watu wachache, wale waliokuwa marafiki wa kocha aliyetoroka, wakamshangilia.

“Kwa hiyo Kaimu,” akasema meneja, kalamu mkononi, “mwakani una mbinu gani?”

Mjomba akasimama. “Bado sijui,” akasema.

Ghala likalipuka kwa vigelegele. Meneja akaangusha kalamu. Mjomba akainua mkono, wakanyamaza.

“Lakini kazi naitaka,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo. “Naitaka sana. Hilo najua.”

Akakaa. Mtu mzima, mbele ya mji mzima, mbele ya watu waliomwona mkewe akipandishwa mkokoteni. Mimi hata mpira wa darasa nikiutaka nasema siutaki, ili nisinyimwe. Nikajifanya nakohoa vumbi la pamba.

Sasa ilikuwa imebaki kura. Mwenyekiti akajikusanya, akavuta pumzi kwa puani, akasema kama ifuatavyo, neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi:

“Eeeh, wanaokubali kwamba huyu Kaimu aondolewe ukaimu wake, wanyooshe mikono.”

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa si mwanachama, lakini nilinyoosha. Nikatazama nyuma nione msitu.

Hakukuwa na msitu. Walionyoosha walikuwa wale wale marafiki wa kocha mtoro, mikono juu, meno nje. Wengine wote, ghala zima, watu waliotembea kwa miguu kutoka vijijini kumshangilia, walikuwa wamebana mikono katikati ya mapaja kama wanaozuia mkojo. Golikipa alikuwa ameikalia yake. Mzee mmoja wa ng'ombe alimshika mkono mwanawe aliyetaka kujikuna sikio, akaurudisha chini kwa nguvu. Mama muuza dagaa alikuwa anazunguka kati ya marobota ananong'ona, “Msinyooshe! Wanataka kumwondoa! Msinyooshe!”

Mjomba alikuwa anawaangalia. Safu kwa safu. Alielewa kabla yangu. Uso wake ulielewa. Mbele yake walikuwa watu wote wanaompenda katika dunia hii, na kila mmoja alikuwa anashikilia mikono yake chini kwa ajili yake, na kwa mikono hiyo walikuwa wanamnyima mshahara, mke na watoto.

“Hoja imekataliwa,” akasema meneja, akaandika.

Kelele zilizofuata zilitoa popo darini. Nikapanda juu ya robota. “Mmekosea!” nikapiga kelele. “Jamani, mmekosea! Kaimu maana yake ni wa muda! Mngekubali ndiyo angekuwa kocha kabisa!”

“Shuka huko, wewe,” akasema mzee wa ng'ombe. “Unataka tumvue Kaimu ukaimu wake?”

“Ndiyo! Ili awe kocha!”

“Kocha tulikuwa naye. Aliondoka na viatu.”

“Kaimu si jina! Ni mtu wa kushikilia tu! Na aliyelisema kwenye spika ni mimi, si mwenyekiti, nilikuwa natania!”

Wakacheka sana. Miaka yote nilitafuta watu wacheke namna ile, na siku nilipopata nilitamani kulia. “Mwigizaji leo kazidi,” mmoja akasema.

Mama muuza dagaa akanivuta mguu, kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto wa mjini mambo ya kwao. “Mwanangu, wewe unasoma, lakini neno lenyewe si linajieleza? Kaa. Humu. Kocha ni mtu wa kuondoka. Huyu tumemwambia akae humu. Nani atakubali aondolewe?”

Nilikaa juu ya robota. Kumbe ule wimbo wa kwenye lori haukuwa ushamba wa kutamka. Walikuwa wanamwomba. Msimu mzima, kila bao, walikuwa wanamwomba mtu asiondoke, kwa neno nililoliokota mimi mlangoni mwa ofisi kwa sababu lilinichekesha.

Mzee wa spea alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake nyeupe. Nilidhani anacheka. Alipoitoa hakuwa anacheka. Akamwendea mwenyekiti. “Mwenyekiti, rudia swali. Hawakuelewa.”

“Kura ni kura,” akasema mwenyekiti. “Eeeh, tuko kwenye demokrasia sasa.”

Mzee wa spea akamgeukia mjomba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Bwana, nimekupinga, na kesho nitakupinga tena. Lakini si hivi.”

Meneja alikuwa anafunga mkoba. Akasema Kaimu aendelee kukaimu mpaka mtu wa Mwanza apatikane, na hakujua ni lini. Lakini hakuna aliyemsikia, maana golikipa alikuwa ameshambeba mjomba begani na ghala lote linatoka nje nyuma yao, linaimba. Nilimwona kule juu, shati lake lililopigwa pasi mara mbili limechomoka. Nilidhani atalia, au atawatukana, au atawaeleza. Angeweza kuwaeleza, wangemsikia yeye. Badala yake aliweka kiganja juu ya kichwa cha golikipa ili asianguke, akaanza kupunga mkono. Kwanza kidogo. Halafu kwa mkono wote. Alimpungia kila mtu, mmoja mmoja, kama vile wamempa walichodhani wamempa.

Walimleta mpaka mlangoni kwetu, wakamshusha, wakatawanyika. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anachambua michembe kwenye ungo. Wimbo alikuwa ameusikia tangu mbali, na alikuwa amevaa kitenge kizuri.

“Mwadila, dada,” mjomba akamsalimia, akakaa chini ukutani.

Mama akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. “Amepata?”

Mjomba akainamisha kichwa. Ikabidi nieleze mimi. Nilieleza yote, swali la mwenyekiti, mikono iliyobanwa mapajani, mama muuza dagaa, kaa humu. Nilieleza vibaya, bila kuigiza sauti ya mtu hata mmoja. Mama hakuacha kuchambua. Nilipofika kwa yule mzee aliyemshusha mwanawe mkono, vidole vyake vikasimama kwenye ungo. Akauliza, “Hakuna hata mmoja aliyenyoosha?” Nikamwambia walionyoosha ni maadui tu. Nikadhani amekasirika. Alikuwa anafikiri.

Kisha akauweka ungo chini, akakung'uta kitenge chake, akamwambia mdogo wake:

“Inuka ukaoge. Kesho unakwenda Sapiwi. Mkweo akiuliza habari za kazi, mwambie watu wa Bariadi wamekaa mkutano, wamepiga kura, wamekataa kabisa uondoke kazini. Si uongo huo. Na huyu mwenye mdomo, nenda naye.”